Mkono Kwanza, Dawa Baadaye

Mpwa wangu alifika Jumamosi asubuhi, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake akanifungulia kikasha cha plastiki chini ya pua. "Mjomba, nusa." Nikanusa. Harufu ya yai viza, si kali sana, lakini inatosha kumfanya mtu azibe mdomo kwa kiganja anapocheka. Ndani ya kikasha mlikuwa na alaina zake mbili, ya juu na ya chini, zimefifia kama kioo cha gari asubuhi ya mvua.

"Naziloweka kila usiku," akasema kwa kujitetea. "Kidonge kimoja, maji yanageuka bluu, mapovu yanapanda, nasubiri robo saa. Nikizitoa zinanukia mnanaa. Kesho kutwa harufu imerudi pale pale."

Kwa asiyezijua, alaina ni kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachovalishwa juu ya meno ili kuyasukuma taratibu mpaka yanyooke, badala ya zile waya za chuma. Kampuni ya Align Technology ilianzishwa California mwaka 1997, na mwaka uliofuata Invisalign yake ikapata kibali cha mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Leo zipo aina nyingi: nyingine ni za poliyurethani, nyingine za plastiki ya PETG, ndugu wa plastiki ya chupa za maji ya kunywa. Mgonjwa hupewa mfululizo wa jozi. Kila jozi huvaliwa wiki moja au mbili, na kazi yake ni kulisogeza jino kwa takriban robo ya milimita tu. Ili lisogee hiyo robo, alaina lazima zikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku.

Saa 22 na robo milimita: hesabu hizo mbili ndizo zinazoamua karibu kila kitu kuhusu usafi wa alaina, na ndizo nilizoanza nazo kumchunguzia mpwa wangu.

Harufu inatoka wapi

Plastiki yenyewe hainuki hivyo. Anayenuka ni mpangaji wake.

Mate ndiyo mfagizi wa mdomo. Kutwa nzima yanapita juu ya meno, yanabeba mabaki ya chakula, yanapunguza makali ya asidi. Ukivaa alaina, umemfungia mfagizi nje kwa saa 22. Chini ya plastiki mnabaki unyevu, joto la mwili, protini za mate na chembe za chakula, huku hewa ikiwa haba. Hayo ndiyo mazingira wanayoyapenda bakteria wasiohitaji oksijeni. Wanavunja protini, hasa zile asidi amino zenye salfa, na wanachokitoa ni gesi kama haidrojeni salfaidi, ile ile inayolipa yai viza sifa yake. Usiku hali huzidi, kwa kuwa mtu akilala mate hupungua mno. Aliyefunga Ramadhani, au aliyeongea darasani mchana kutwa bila kunywa maji, anaijua hali hiyo hata bila alaina: kinywa kikikauka, harufu hupanda.

Hao bakteria hawaelei ovyo. Dakika chache baada ya alaina kuingia mdomoni, protini za mate huishikilia plastiki na kutandika jamvi lisiloonekana. Bakteria wa kwanza hulikalia jamvi hilo, wa pili huwashika wa kwanza, na wote kwa pamoja hutoa ute unaowafunika. Kiswahili kina jina la utando huo: ukoga. Ukiachwa, madini ya kalsiamu na fosfati yaliyomo kwenye mate hujijenga ndani yake, ukawa mgumu kama chokaa. Huo nao una jina lake: ugaga. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya matibabu. Ukoga hutoka kwa brashi. Ugaga haujali brashi.

Somo la siki la mwaka 1683

Kwa nini basi kidonge hakikutosha? Jibu lina zaidi ya miaka 300. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa akijitengenezea lenzi ndogo zenye nguvu kuliko za wengi wa zama zake. Mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu alichokiona aliponyofoa ukoga kwenye meno yake na kuuweka chini ya lenzi: vijidudu hai, vingi ajabu, vikiogelea. Naye alikuwa mtu msafi, aliyesugua meno kwa chumvi kila asubuhi.

Kisha akafanya jaribio ambalo kila mwenye alaina angefaa kulijua. Alisukutua kwa siki kali ya mvinyo, akanyofoa ukoga tena, akatazama. Vijidudu bado vilikuwapo tele. Lakini alipouchanganya ukoga ule na maji na kutia siki kidogo humo humo, vilikufa mara moja. Akahitimisha kwamba siki iliua vya nje tu. Haikupenya ndani ya utando.

Kidonge cha mpwa wangu kilikuwa kinafanya kazi ya ile siki. Vidonge hivi, ambavyo ndivyo vile vya meno bandia, huchanganya asidi ya sitriki na baikaboneti ya sodiamu, na hapo ndipo mapovu yanapotoka. Juu yake hutiwa kemikali za kuoksidisha zinazoua vijidudu na kufifisha madoa. Ni dawa ya kweli. Ila ikikuta ukoga mzima, huua waliokaa barazani na kuwaacha waliolala chumbani. Kufikia asubuhi waliosalia wameanza kuzaana, nao mnanaa umeshayeyuka.

Mwongozo wa mwaka 2011 wa madaktari bingwa wa meno bandia wa Marekani uliweka mambo mawili pamoja kwa matunzo ya kila siku: kuloweka, na kupiga brashi kwa dawa isiyokwaruza. Watu wengi hushika la kwanza kwa kuwa linajifanya lenyewe.

Tulivyopima

Utaratibu wetu haukuwa wa maabara. Ulikuwa wa mtu mmoja na pua mbili, yake na yangu. Faida yake ni kwamba mdomo mmoja una alaina mbili, kwa hiyo mtu anaweza kubadili jambo moja na kuacha mengine yote sawa.

Kwa siku tatu, alaina ya juu ililowekwa kama alivyozoea. Ya chini ilipigwa brashi kwanza, ndani na nje, kisha ikalowekwa kwenye bilauri ile ile, kwa kidonge kile kile. Siku ya tatu jioni nilinusishwa zote mbili bila kuambiwa ipi ni ipi. Niliitambua ya juu papo hapo. Tukabadilishana zamu kwa siku tatu nyingine, ili isije ikawa ni meno ya juu tu yenye shida, na harufu ikahamia chini.

Kwa hiyo brashi ilikuwa ndilo pengo kubwa. Ila hata ile iliyosafishwa vizuri ilibaki na harufu ndogo kila inapotoka kikashani. Tukakigeuza kikasha. Chini kulikuwa na maji kiasi cha kijiko, na pembeni utelezi. Kila siku alaina safi ilikuwa inarudishwa kwenye nyumba chafu, tena iliyofungwa kifuniko. Kikasha kikaoshwa kwa sabuni, kikaachwa wazi dirishani kikauke, na ile harufu ndogo nayo ikaondoka.

Mtuhumiwa wa tatu ni mdomo wenyewe. Hapo kipimo ni rahisi: vaa alaina iliyooshwa vizuri, kaa nayo saa moja bila kula, itoe, inuse. Ikinuka mapema hivyo, tatizo linatoka kwenye ulimi, kwenye fizi au kwenye jino lililotoboka, na hakuna kidonge cha alaina kitakachoponya hayo. Kwa mpwa wangu ilikuwa ulimi, sehemu ya nyuma asiyoifikishia mswaki. Fizi zikivimba au zikitoa damu, ni safari ya kwa daktari wa meno.

Mpangilio wa hatua

Utaratibu uliobaki baada ya siku hizo ni huu, na mfuatano wake una sababu.

Kwanza, alaina ikitoka tu mdomoni, isuuze kwa maji ya bomba kabla haijakauka. Mama yeyote aliyepika uji anajua: sufuria iliyotiwa maji mara moja haisumbui, iliyoachwa mpaka jioni hutaka steli waya. Mate ni vivyo hivyo. Kuifunga alaina kwenye tishu mezani kuna makosa mawili: inakauka, na mhudumu anaweza kuitupa pamoja na mabaki.

Pili, sugua. Tumia brashi laini ya peke yake na tone la sabuni ya maji isiyo na harufu kali. Fikia ndani kabisa, hasa kwenye vijishimo vinavyoshika zile nundu ndogo ambazo daktari amezigandisha kwenye meno. Ukoga hukimbilia huko. Dawa ya meno haifai hapa. Ina chembe za kusugulia zilizokusudiwa enameli, ambayo ni ngumu kuliko plastiki hii mara nyingi. Hukwaruza, mikwaruzo huondoa ung'avu, na kila mkwaruzo ni handaki jipya la bakteria. Ule ufifi wa alaina za mpwa wangu ulikuwa sehemu ukoga, sehemu mikwaruzo. Ukoga ulitoka. Mikwaruzo ilibaki mpaka jozi ilipobadilishwa.

Tatu, loweka, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti na si zaidi. Hapa saa 22 zinarudi: meno bandia yanaweza kulala kwenye bilauri usiku kucha, alaina haziwezi, kwa kuwa usiku zinatakiwa kuwa mdomoni. Wakati mzuri ni chakula cha jioni. Zikiwa kwenye bilauri unakula, ukimaliza unapiga mswaki na kupitisha uzi wa meno, kisha unazisuuza sana na kuvaa. Kusuuza si urembo. Baadhi ya vidonge vina pasalfeti, na mwaka 2008 mamlaka ile ile ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waweke onyo, kwa sababu kuna watu ambao kemikali hiyo huwaletea mzio. Asiyepata vidonge anaweza kuloweka kwa kijiko cha baikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuumulia maandazi, kwenye bilauri ya maji. Haiui kama kidonge, lakini hupunguza asidi na harufu. Na ukoga ukishaondolewa kwa mkono, kazi iliyobaki ni ndogo.

Nne, kausha kikasha. Alaina zikiwa mdomoni, kikasha kiwe wazi.

Maji ya moto ni mwiko. Alaina hutengenezwa kwa kupasha moto bapa la plastiki na kulivuta juu ya kielelezo cha meno. Joto lililolipa umbo ndilo litakalolivua. Na hapa ile robo milimita inarudi. Kama safari nzima ya jozi moja ni robo milimita, mpindo mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuila yote. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Jiki nayo iachwe kwa nguo.

Jingine ni ugaga, hasa kwa atakayemaliza matibabu na kupewa kifuniko cha kuyazuia meno yasirudi yalikokuwa. Hicho hakitupwi baada ya wiki mbili. Huvaliwa kwa miaka, na madoa meupe magumu ni suala la muda tu. Kwa hayo siki ina kazi yake: siki nyeupe ya dukani iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika 20, kisha brashi. Asidi huyeyusha fosfati ya kalsiamu ambayo brashi peke yake imeshindwa kuiondoa. Wanaosuuza kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama nyumba nyingi za Dar es Salaam, waangalie pia birika lao la chai: ule ugamba mweupe ndani unaweza kujijenga hata kwenye plastiki. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya kunywa.

Swali la chai

"Na chai, Mjomba?" aliuliza, akijua jibu.

Chai ya maziwa na sukari ikinywewa na alaina mdomoni hufanya mabaya matatu kwa pamoja. Joto hulegeza plastiki. Rangi huingia. Sukari huzibwa kati ya plastiki na jino, ambako mate hayafiki kuizimua, na bakteria huigeuza asidi inayokula enameli. Kwenye chakula nako kuna rangi. Manjano ndiyo adui. Poliyurethani hunywa rangi yake, na sahani moja ya mchuzi wa binzari inaweza kuacha alaina ya rangi ya embe. Maji matupu ndiyo kinywaji pekee kisichohitaji kuzivua.

Tangu tulipoupata utaratibu huo, kazi yote humchukua dakika nne za mkono kwa siku. Robo saa ya kidonge anaitumia kula. Wiki iliyopita alipita tena kunisalimia. Hakufungua kikasha. Alikuwa amekiacha nyumbani dirishani, kifuniko wazi, na alaina mdomoni, akicheka bila kuinua mkono.