Propela Mpya, Fundi Kaachwa Pwani

Nianze na hukumu, tusipotezeane wakati. Rubani Denys Finch Hatton hakupaswa kuondoka Pwani bila yule fundi. Mengine yote yaliyoandikwa juu ya asubuhi ndege yake ilipoanguka Voi, Alhamisi tarehe 14 Mei 1931, yaani upepo, kona, tembo na mapenzi, ni nakshi.

Filamu ya mapenzi yake na Karen Blixen mmeiona. Ile ya Sydney Pollack ya 1985, iliyobeba Oscar saba, Robert Redford akiigiza Mwingereza wa ukoo wa kilodi bila kujisumbua kubadili lafudhi yake ya Kimarekani. Picha za angani ni safi, sina neno. Lakini tazameni tena sehemu ya mwisho. Ndege ya njano aina ya Moth inaruka, muziki unapanda, halafu Bror, aliyekuwa mume wa Karen, anakuja kumpa habari ya msiba. Kati ya hapo hakuna propela iliyovunjika, hakuna kipuri kilichoagizwa, hakuna mtu mwenye spana. Hata ndege yenyewe ni ya kukaimu: ubavuni imeandikwa G-AAMY, na ya Finch Hatton ilikuwa G-ABAK. La namba nawasamehe. La propela siwezi, kwa sababu ndilo hasa lililokuwa la kuchambuliwa.

Ajabu ni kwamba Karen Blixen mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa injini, aliliandika katika kitabu chake cha 1937. Anasema Denys alivunja propela kule Mombasa, akapiga simu ya maandishi Nairobi aletewe kipuri, na kampuni ya ndege ikamtuma kijana wake nacho. (Blixen anaiita kampuni hiyo East African Airway. Shirika la East African Airways lilizaliwa 1946. Kampuni ya Nairobi wakati ule ilikuwa Wilson Airways, iliyoanzishwa 1929 na Bi Florence Kerr Wilson pamoja na Tom Campbell Black. Wahariri wa London walipitiwa.) Ndege ikatengenezwa. Denys akamwambia yule kijana apande warudi pamoja. Akakataa. Si kwamba aliogopa kuruka: Blixen anasisitiza kwamba alikuwa amezoea ndege, ameruka na wengi, ameruka na Denys mwenyewe. Siku ile tu ndiyo hakutaka. Baadaye sana alimwambia Farah, mtumishi mkuu wa Blixen, kwamba hata angepewa rupia mia asingepanda.

Blixen anaona hapo kivuli cha majaliwa: Mwafrika amenusa kifo. Nimelalamika kuhusu tabia hii mara nyingi na leo narudia. Mzungu akisita kupanda ndege, huo ni uamuzi wa kitaalamu. Mwafrika akisita, ni mizimu. Yule kijana hakupewa hata jina. Kazi yake pia haikutajwa, lakini mtu anayetolewa Nairobi hadi Mombasa na kipuri cha ndege, ndege ikapona alipofika, mimi namwita fundi mpaka nionyeshwe vinginevyo. Na fundi aliyeiona kazi kwa macho yake akikataa kupanda, hiyo ni ripoti ya ukaguzi. Haina muhuri, lakini ni ripoti.

Sasa tuingie kwenye mbao. Propela ya Gipsy Moth ni ya mbao, mabapa mawili, na inabanwa kwenye kitovu cha chuma kwa bolti zinazopenya ndani ya mbao yenyewe. Wengi hudhani bolti ndizo zinazoizungusha. Sivyo. Inazungushwa na mbano: sahani za chuma zinaikandamiza mbao kiasi kwamba haziwezi kuteleza juu yake. Mbano ukipungua, propela huanza kucheza kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Bolti zinabeba mzigo usio wao, matundu yanapanuka, uso wa mbao unaungua kwa msuguano. Kutoka hapo ni suala la muda.

Na mbao haikai kimya. Hunywa unyevu na kuutema. Propela iliyowekwa stoo Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ikishushwa kwenye joto la chumvi la Mombasa hunywa na kuvimba. Ikivimba ndani ya sahani za chuma, nyuzi zake hupondeka. Ipeleke tena kwenye ukavu wa nyika, itasinyaa, na pale palipopondeka patabaki mwanya. Sisemi usiku mmoja wa Voi unatosha kuilegeza. Mbao haina haraka hivyo. Ila propela mpya ya mbao, hata isipohama mji, hukazwa, ikachemshwa injini, ikazimwa, ikakazwa tena. Na baada ya safari ya kwanza hukazwa mara nyingine, maana hapo ndipo inapokalia kitovu sawasawa. Hili si jambo la kisasa. Kila aliyetunza ndege za mbao alilijua.

Sasa ipange safari. Kutoka Pwani hadi Voi ni kama kilomita 150, na ni hapo propela inapojikalisha. Anatua Voi, analala kwa DC, Vernon Cole. Asubuhi anaondoka na mtumishi wake Kamau. Mkazo wa pili ulitakiwa ufanyike wapi? Voi, kabla ya injini kuwashwa. Ufanywe na nani? Na aliyeifunga, anayejua aliikaza kiasi gani na bolti ipi ilimsumbua. Na huyo yuko Mombasa, amekataa kupanda, na rubani hakumuuliza kwa nini, au aliuliza na jibu halikumzuia. Kwenye simulizi zote za Voi nimeona chakula cha jioni. Spana sijaiona.

Kuna la pili, nalo linanikera zaidi. Propela ikigonga kitu, kilichogongwa si propela peke yake. Injini ya Gipsy ina silinda nne kwenye mstari mmoja, na propela imekaa kwenye ncha ya krenkshafti. Pigo la kwenye bapa husafiri hadi ndani. Walioandika juu ya Finch Hatton baadaye wanasema kilichogongwa wakati wa kutua ni tumbawe, na Moth haikuwa na breki, ina gongo tu la mkiani, kwa hiyo ukishagusa ardhi unakwenda inakokupeleka. Nitaitendea haki hoja ya upande wa pili: mbao huvunjika upesi, na kwa kuvunjika humeza sehemu kubwa ya pigo ambalo propela ya chuma ingelipitisha lote. Kweli kabisa. Lakini sehemu kubwa si yote, na hujui iliyobaki imeishia wapi mpaka ufungue.

Mnaofanya kazi Industrial Area ya Nairobi mnalijua hili bila kuhadithiwa. Gari likiingia shimo la Lunga Lunga Road, mwenyewe hununua rimu na tairi, akaondoka akipiga honi, na mwezi mmoja baadaye anarudi kuuliza mbona usukani unavuta kushoto. Nenda kwenye karakana yoyote inayosaga krenki pale utazame wanavyofanya kwa injini ya lori lililogonga. Krenkshafti hulazwa juu ya vyuma viwili vyenye umbo la V, ikazungushwa taratibu kwa mkono huku mshale wa geji ukisoma kama imepinda. Kisha husafishwa mpaka ing'ae, ikapakwa rangi nyekundu nyepesi, ikapanguswa, ikapuliziwa unga mweupe. Unasubiri. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani yake hupanda kwenye unga, ukaona mstari mwekundu mwembamba kuliko unywele, mara nyingi palepale kwenye kona ya jonali. Dakika moja kabla ya hapo ungeapa kwamba chuma hicho ni kizima.

Hayo tunalifanyia lori la saruji. Kwa ndege leo ni sharti. Lycoming, ambao injini zao ndizo zimejaa kwenye ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, wana waraka wao namba 533 juu ya propela kugonga, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo mwaka 2004 la kukagua gia ya krenkshafti na bolti inayoishikilia. Kwao, kugonga ni tukio lolote linaloifanya propela itengenezwe, hata kama injini ilikuwa imezimwa. Wanaorusha nakala za ndege za kivita za Vita vya Kwanza, zile Fokker za mabawa matatu ambazo nyingine hufungwa Lycoming puani, wanaujua waraka huo vizuri. Fokker Dr.I ilikuwa na tabia ya kujizungusha ardhini ikitua, hata kiwandani iliwekewa vigongo vya mbao chini ya ncha za bawa. Ikivunja propela leo, bili kubwa huwa ya kufungua injini. Propela ni sehemu ndogo.

Nyaraka hizo hazikuwepo 1931, mtaniambia. Sawa. Nyundo, mafuta ya taa na macho vilikuwepo.

Kuhusu dakika za mwisho nitasema kidogo, maana wengine wamezisema kupita kiasi. Kwa Blixen, ndege iliruka, baada ya dakika mbili ikageuka kurudi, ikiwa futi kama 200 tu, ikayumba, ikaanza kujizungusha ikianguka, ikawaka ilipogusa ardhi. Wengine husema alikuwa akizunguka uwanja tu. Chanzo hakikuthibitishwa. Kwa futi 200, bawa likishaishiwa hewa ya kulibeba, hakuna rubani anayejinasua, na tangi la petroli la Moth limo kwenye bawa la juu, juu ya kiti cha mbele. Wanaomlaumu kwa kugeuka wana haki. Ila mtu aliyepanga kwenda Nairobi hageuzi pua baada ya dakika mbili bila sababu, na mimi naanza kutafuta sababu mahali palipoguswa mwisho na spana.

Mlinganisheni na Campbell Black. Mwaka uleule wa 1931 alimwokoa Ernst Udet, rubani wa kivita wa Ujerumani mwenye ushindi 62, aliyekwama Sudan kando ya Nile. Miaka mitatu baadaye yeye na C. W. A. Scott walishinda mbio za London hadi Melbourne kwa ndege nyekundu ya Comet. Campbell Black huyo ndiye aliyemkataza rubani Beryl Markham kwenda Voi na Denys, kama Beryl mwenyewe alivyoandika. Naye Beryl, mwanafunzi wake, ndiye aliyevuka Atlantiki mwaka 1936, injini ikamfia kwa kukosa mafuta, akaishusha ndege yake ya Vega Gull kwenye kinamasi cha Cape Breton, pua ikazama, akatoka kwa miguu yake. Tena hapa mnaambiwa Tom alikuwa na hisia tu. Watu wawili wanaojua ndege, yeye na yule fundi, wa hangari moja kama ninavyoamini, walikuwa na wasiwasi na safari ileile. Mmoja alimzuia mwenzake, mwingine alijizuia mwenyewe. Mimi sioni utabiri hapo.

Finch Hatton alitafuta tembo kutoka angani kabla wengi hawajafikiria jambo hilo, na alilifanya vizuri. Lakini ndege alikuwa nayo tangu 1930 tu, na alimchukua Kamau.

Moto uliila mbao, ila kitovu cha chuma hakiungui. Ningekuwa Voi wiki ile ningeomba nionyeshwe kitovu hicho kabla ya kitu kingine chochote: bolti zake zimekatika kwa mkupuo au zimelika upande mmoja, sahani zina alama ya kuteleza au hazina, na ncha ya krenkshafti nyuma yake imevunjika upya au ufa wake ulikwisha kuwa na kutu ya bahari.