Kidole Gumba cha John Hurt: Je, Bluzi ni Kilio Tu?

Kila bluzi inapotajwa katika semina zetu, jibu ni lile lile: ni kilio cha Mmarekani mweusi. Mtu akishasema hivyo anakaa chini, ati uhakiki umekwisha. Mie sikatai kwamba kilio kimo. Ninachokataa ni uvivu wa kuishia hapo, kana kwamba msanii maskini hana mbinu, ana machozi tu.

Tumchukue Mississippi John Hurt. Alikulia Avalon, kijiji kidogo cha jimbo la Mississippi, akaishi kwa kazi za shambani na kupiga gitaa kwenye dansi za jirani. Mpiga fidla wa huko, Mzungu aitwaye Willie Narmour, ndiye aliyempendekeza kwa kampuni ya Okeh. Akarekodi Memphis Februari 1928, kisha New York Desemba mwaka huohuo. Santuri hazikuuzika sana, mdororo wa uchumi ukaingia, naye akarudi zake shambani. (Mwaka huohuo Siti binti Saad wetu alikuwa Bombay, naye akirekodi. Lakini Siti alimpata Shaaban Robert wa kumwandikia wasifu.)

Sasa sikiliza "Frankie" na "Louis Collins". Zote ni nyimbo za mauaji. Katika ya kwanza mwanamke anampiga risasi mpenzi wake aliyemsaliti, na hakimu mwenyewe anaona alikuwa na haki. Katika ya pili waliofyatua risasi wanapitwa haraka. Wimbo unaanza na mama anayelia na kurudi tena na tena kwenye maziko. Huo ni uteuzi wa fanani. Kuna mwingine angeanza na bastola.

Na anaimbaje? Kwa sauti ya chini, karibu ya mazungumzo. Kidole gumba kinagonga nyuzi nzito kwa zamu, bila kusita, na vidole vingine vinachukua sauti ya wimbo juu yake. Mtu anakufa, gumba linaendelea. Mama analia, gumba linaendelea. Hapa ndipo nadharia ya kilio inaponishinda kabisa, kwani hakuna anayelia ila mhusika ndani ya wimbo. Msimulizi kajitoa, hukumu katuachia sisi. Sifa hii tukiikuta kwenye riwaya tunaiandikia kurasa kumi. Tukiikuta kwa mkulima mwenye gitaa tunasema ni "upole wake wa kuzaliwa".

Upole huo ndio uliouzwa baadaye. Mwaka 1963 Tom Hoskins, kijana mpenzi wa santuri kuukuu, alimtafuta kwa kufuata wimbo "Avalon Blues", ambamo Hurt anakitaja kijiji chake. Akamkuta yupo palepale, miaka 35 baada ya kurekodi! Mwaka huohuo akapanda jukwaa la tamasha la Newport. Wanafunzi wa vyuo wakampenda, na sina ugomvi na mapenzi yao. Ila walimtaka awe babu mwema aliyetoka kwenye santuri ya 1928 bila kubadilika, na wahakiki wakawafuata. Wakaandika juu ya kofia yake na tabasamu lake, wakasahau kwamba mzee yule alikuwa anaimba juu ya bunduki na makaburi.

Swali linalonisumbua ni hili: matini ni ipi? Sisi wa fasihi simulizi tunafundishwa kwamba kila utendaji ni kazi mpya, lakini tukipewa santuri tunaigeuza mswada mtakatifu. Rekodi za 1928 ni za mtu wa miaka thelathini na kitu. Zile za 1963 hadi kifo chake, Novemba 1966, ni za mzee ambaye sauti imeshuka. Maneno ni karibu yale yale, mama wa Collins ni yule yule, lakini anayemsimulia sasa amezeeka. Wenzangu wengi husifu ya kwanza kwa kuwa ni "halisi". Mie ya pili ndiyo inayonifanya nimwamini yule mama.