Kamera imeona, nani atasimulia?



Siku hizi teknolojia inasifiwa sana kwamba inawaunganisha watu na wanyamapori. Mimi ni mtu wa fasihi, kwa hiyo naomba niihakiki kazi moja kama tunavyohakiki hadithi: nani anasimulia, na anamsimulia nani?

Kazi yenyewe ni Snapshot Serengeti. Kuanzia 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 ndani ya Serengeti, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Mnyama akipita, kamera inapiga picha yenyewe. Picha zikawa nyingi mno, basi mwishoni mwa 2012 wakazifungulia dunia kwenye mtandao wa Zooniverse. Watu zaidi ya 28,000 walijitolea. Umekaa zako Toronto au Muscat, unaletewa picha, unataja ni mnyama gani, wako wangapi, wamelala au wanakula, kisha inakuja nyingine. Majibu yao yalipojumlishwa na kulinganishwa na ya wataalamu, yalikubaliana kwa karibu asilimia 97. Kwa hilo, heko.

Lakini jamani, mtu huyu ameunganishwa na nini? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa kompyuta iliyofundishwa kwa picha hizohizo inaweza kufanya karibu kazi yote ile, tena kwa usahihi uleule. Kumbe binadamu aliombwa kile ambacho mashine inakiweza! Kusimulia hakukuwa sehemu ya kazi. Wachangiaji walipopiga soga kuhusu walichokiona, walifanya hivyo pembeni.

Mchukueni fisi. Katika ngano zetu ni mlafi, mjinga, mla mabaki, na Sungura humchezea atakavyo. Hans Kruuk, baada ya miaka ya utafiti Serengeti na Ngorongoro, alionyesha katika kitabu chake cha 1972 kwamba fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kula alichokiua fisi! Maana yake ngano zetu nazo zimemsingizia mnyama huyu miaka nenda miaka rudi, na picha za usiku zingeweza kutusahihisha. Ila picha zimepelekwa kwa mtu ambaye hajawahi kuamka asubuhi akakuta mbuzi wake kaliwa. Bibi wa Robanda au Ololosokwan, anayemwogopa fisi na kumjua, ndiye mwenye uwezo wa kutunga ngano mpya ambayo wajukuu wake wataiamini. Huyo hakuulizwa. Na uhai wa fisi uko mikononi mwa wajukuu hao, si mwa mtu wa Toronto.

Tena kuna viumbe ambao kamera haiwapati kirahisi. Hapa Midrand, upande wa Glen Austin, yuko chura mmoja mkubwa ajabu. Sehemu kubwa ya mwaka amejifukia ardhini, hutoka kuzaliana mvua kubwa zikinyesha. Dume hulinda viluwiluwi, na kidimbwi chao kikianza kukauka huchimba mfereji kuwafikisha kwenye maji. Miezi iliyobaki kamera ingepiga majani tu. Mwenye kiwanja anayetaka kumwaga zege atamhurumia vipi kiumbe asiyemwona? Mwambie habari za baba anayewachimbia wanawe mfereji, pengine atasita.

Sisemi kamera zing'olewe. Nasema picha zile zirudi vijijini, na fungu la fedha za miradi hii liwafikie wasimulizi wa huko, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, kwa malipo kama wanavyolipwa mafundi wa kompyuta. Wenzangu mnaofundisha fasihi simulizi, kazi hii ni yetu, na hakuna atakayetualika tusipojialika.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti anikosoe bila kuniogopa.