Friji haikufunguliwa

Mkaguzi alisimama mbele ya friji, akasoma daftari la joto lililofungwa kwa uzi kwenye mpini, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake, akahamia kwenye rafu. Mliokuwa pale mbele ya kaunta mliona nilichokiona: mlango wa friji haukufunguliwa. Kwangu mimi ukaguzi uliharibikia hapo, na alama nzuri walizopewa wenye duka mwishoni hazinishawishi. Duka silitaji wala timu iliyokuja siitaji. Ni kemisti mojawapo inayotegemewa na watu wa vijiji vya chini ya Mlima Kasigau, Makwasinyi ikiwemo.

Mengine yalikwenda sawa. Leseni ilikuwa ukutani na mtaalamu aliyetajwa humo alikuwepo mwenyewe, ankara zililingana na shehena, dawa za kudhibitiwa zilikuwa chini ya kufuli, na zilizokaribia kuisha muda zilikuwa zimepangwa mbele.

Sasa turudi kwenye lile daftari. Lina safu nne: tarehe, saa, kiwango cha joto, sahihi. Kanuni ya dawa za baridi mnaijua, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kipimo kisomwe asubuhi na jioni. Ukurasa ule ulisema 5 asubuhi na 5 jioni, mwezi mzima, kwa kalamu moja na kwa mwandiko ambao haukuyumba hata mara moja. Friji ya kawaida haina utulivu wa namna hiyo. Ikifunguliwa mara kwa mara adhuhuri joto lake hupanda, usiku hushuka. Daftari la kweli huwa na 4, 6, 7, pengine 9 yenye maelezo pembeni. Zaidi ya hapo, duka lile halifunguliwi Jumapili, na kila Jumapili ilikuwa na vipimo viwili na sahihi mbili. Na siku ile stima ilipopotea tangu asubuhi hadi giza likaingia, siku ambayo kila mtu wa huku anaikumbuka, daftari lilisema 5.

Mkaguzi aliyefunzwa hahitaji maabara kuyaona haya. Anahitaji kutilia shaka nambari zinazofanana, kisha afungue mlango. Ndani huwa kuna kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa tangu kilipofutwa mara ya mwisho. Ukibonyeza kitufe kimoja, friji yenyewe inakueleza ilipitia nini ulipokuwa hupo. Baada ya hapo unatazama boksi zilipokaa. Zilizobanwa kwenye ukuta wa nyuma, karibu na bamba la barafu, huweza kuganda, na zilizowekwa mlangoni hupata joto kila mtu anapofungua. Unaangalia kama hewa inapita kati yake, na kama hakuna chupa ya soda wala chakula cha mchana. Kazi yote hiyo haimalizi dakika tano, na timu ile ilitumia muda mrefu kuliko huo kujadili ubao wa nje.

Mnaosema ninakuza jambo dogo, fuateni njia ya insulini. Ni protini, na protini haistahimili joto jingi wala kuganda. Iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana safi kabisa machoni. Mgonjwa wa kisukari anainunua, anajidunga kipimo chake kama alivyoagizwa, sukari haishuki. Kliniki inaona sukari iko juu, inadhani kipimo hakitoshi, inaongeza. Wiki nyingine anapata safari ya Voi, ananunua chupa iliyohifadhiwa vizuri na kujidunga kile kipimo kipya kikubwa. Sasa dawa inafanya kazi yote, sukari inaporomoka, na anaweza kuzirai akiwa peke yake shambani. Hakuna atakayeirudisha lawama kwenye friji, kwa maana daftari lake ni safi na mkaguzi aliliwekea vema.

Friji kama hiyo hupita kwa sababu alama zake hujumlishwa na za mambo mengine. Nimelipigia kelele hili la kujumlisha alama kwa muda mrefu na sitaacha. Mwaka 2016 Kenya ilitangaza rasmi orodha ya pamoja ya ukaguzi wa vituo vya afya, ikajaribiwa Kakamega, Meru na kwa majirani zetu wa Kilifi. Matokeo yalikuwa mazuri: vituo vilivyokaguliwa kwa utaratibu ule viliimarika katika usalama wa wagonjwa kuliko visivyokaguliwa hivyo, na heshima hiyo naitoa kwa moyo mweupe. Lakini hesabu yake ya mwisho ni jumla moja tu ya asilimia, na tabia hiyo imezoeleka kila mahali. Kibao kizuri kinachangia alama, sinki safi linachangia, friji mbovu inapunguza kidogo tu, na jumla inapendeza. Insulini iliyoharibika haiponi kwa sababu ukuta umepakwa rangi. Kipengele cha baridi kisimame peke yake, na anayeanguka hapo awe ameanguka, hata kama kwingine amepata vyote.

Na kwamba mkaguzi awe mtu wa karibu, waliolielewa hilo zamani ni Watanzania wa Ruvuma. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Tanzania ilianza kuyageuza maduka ya dawa baridi (ndivyo huko walivyoyaita maduka madogo ya dawa, si dawa za friji) kuwa Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji walifunzwa kwanza, wakapewa orodha ya dawa wanazoruhusiwa, na ukaguzi ukashushwa hadi kwenye kata kwa watu waliofunzwa kazi hiyo. Mkaguzi wa kata anajua duka gani halifunguliwi Jumapili, na siku stima ilipopotea hata yeye alikaa gizani. Daftari la tano-tano lisingempita. Mpango ule ulienea hadi ukafika Tanzania bara yote, na mpaka leo sijaona upande wetu wa mpaka kitu kinachoukaribia.

Sisi sheria yetu ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka 1957, na bodi inayoisimamia ni ya taifa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, kwa maneno ya wazi. Hata hivyo ukaguzi wa kemisti ya kijijini unaendelea kuwa tukio la wageni wenye gari, wanaofika mara moja na kuondoka kabla jua halijazama. Kaunti ya Taita Taveta ina maafisa wa afya ya umma katika wadi, watu wanaokagua vyoo na hoteli na wanaojulikana kwa majina. Wafunzwe kusoma kipimajoto na kulinganisha daftari na siku za stima. Wanachokiona kiandikwe na kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kisheria ndani ya wiki.

Timu ile ikirudi, ianze na friji kabla ya leseni. Ibonyeze kitufe, iandike kiwango cha juu na cha chini kwa mkono wake yenyewe, kisha ndipo ilifungue daftari. Zikipatikana nyuzi 14, au sifuri, dawa zote za baridi zitolewe siku hiyo hiyo, na waliouziwa insulini mwezi huo watafutwe kupitia kitabu cha mauzo wapewe nyingine. Duka lenyewe liachwe liendelee kuuza dawa ya homa na chumvi za mgonjwa wa kuharisha, kwa sababu kulifunga lote ni kumpeleka mtu wa Makwasinyi hadi Maungu kwa dawa ambazo hazikuwa na kasoro.