Sauti ya Chungu Gulioni Soni

Siku ya gulio, Soni, huku milima ya Usambara, huamka kabla ya jua. Barabara inayopanda kutoka Mombo kwa kulikumbatia korongo hujaa pikipiki zilizolemewa matenga ya nyanya na kabichi, na basi la kwanza likisimama tu, plamsi na peasi hunyanyuliwa hadi madirishani. Ukungu haujainuka bado, lakini bei zimeshaanza kupaazwa. Anayeuza mitumba anaimba, anayeuza dagaa anaimba, mwenye dawa ya panya ana kipaza sauti.

Kona ya vyungu haina kelele. Akina mama wameketi chini, miguu wameinyoosha, kanga mabegani kwa sababu ya baridi, na vyungu vimefudikizwa mbele yao juu ya majani makavu ya migomba. Hakuna anayemwita mteja. Nilipoiona kona hiyo mara ya kwanza nilidhani wamekata tamaa, kumbe walikuwa wanasubiri mtu ainame.

Niliinama mbele ya bibi mmoja, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akaitikia, na kabla sijauliza lolote akakiinua chungu kimoja, akakisimamisha juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kulia. Kikalia. Sauti ilikuwa safi, ndefu kidogo, kama ya kengele iliyo mbali. Akakigeuza, akakigonga upande wa pili, kikalia vilevile. Kisha akaninyooshea. "Nawe kigonge."

Hilo ndilo tangazo lake lote la biashara, na sijapata kuona tangazo la kweli kulipita. Chungu chenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, hakilii hivyo. Sauti yake hukwama, hufa mara inapotoka. Mfinyanzi anayekugongea chungu chake amekuwekea mkononi ushahidi ambao ungeweza kumhukumu.

Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeikubali methali hiyo miaka mingi, lakini Soni imenifanya niitilie shaka. Chungu cha bibi yule kilikuwa kizuri, na kilitembea. Kilitoka kijijini gizani, kichwani, juu ya ngata ya kanga kuukuu, kikashuka njia za miguu zenye utelezi wa umande. Mwenye nyanya akijikwaa huokota nyingi akaendelea na safari. Mwenye vyungu huokota vigae. Kazi ya wiki nzima inaweza kuishia kwenye jiwe moja lililolegea. Basi mtu asiniambie kwamba mauzo huanza pale mteja anaposimama. Huanza kwenye shingo ya mama anayeteremka mlima bila kugeuza kichwa.

Hata vile vigae si lazima vitupwe. Chungu kilichovunjika huweza kusagwa, na unga wake kuchanganywa na udongo mbichi ili chungu kipya kisipasuke kinapokauka wala kinapokutana na moto. Ndani ya chungu unachokinunua leo huenda mna punje za chungu kilichoangushwa njiani zamani, pengine cha mama yake huyo anayekuuzia, kwa maana Usambara ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na binti huipata kwa kukaa karibu na mama.

Ninaisifu kazi hii kwa sababu haina njia ya mkato. Udongo huchimbwa bondeni, huchambuliwa vijiwe na mizizi, hupondwa hadi ulainike. Hakuna gurudumu. Mfinyanzi huviringisha udongo kama kamba nene, huuzungusha na kuupandisha juu kidogo kidogo, na ni yeye anayekizunguka chungu badala ya chungu kuzunguka. Kuta husawazishwa kwa gunzi na kigae cha kibuyu, kisha husuguliwa kwa jiwe laini la mtoni hadi zing'ae. Chungu huachwa kivulini, si juani, kikauke bila haraka. Na hapa ndipo milima yenyewe inapokuwa mpinzani. Mvua za masika na ukungu usioondoka hufanya kukauka kuwe kazi ya kubembeleza, na chungu kilichobaki na unyevu ndani ya ukuta hakivumilii moto: maji yale hugeuka mvuke, mvuke hutafuta pa kutokea, chungu hupasuka. Mama aliyekuletea vyungu vinne sokoni huenda alifinyanga saba.

Tukaingia kwenye bei, au mimi ndiye niliyedhani tumeingia.

"Bibi, hiki kikubwa bei gani?"

"Maongezi yapo. Unapikia nini?"

Nikasema makande.

"Mpo wangapi?"

Watano, nikasema, na wageni hawakosi.

"Mafiga au mkaa?"

Nikamwambia gesi. Akakirudisha chungu mahali pake taratibu, akakifudikiza. "Hiki sikuuzii, mwanangu. Gesi inakichoma mahali pamoja tu, kitakatika tumbo. Chukua kile kidogo cha mdomo mwembamba, ukipikie mkaa. Maharage yatalainika mapema, mvuke hautoki."

Nilikuwa na fedha mkononi. Yeye alikuwa ameshuka na vyungu vinne, jua limeshatoka, na sikuwa nimeona mteja mwingine akisimama mbele yake. Alikataa kuniuzia chungu cha bei kubwa kwa sababu alijua kitakufa jikoni kwangu. Sijakutana na muuzaji wa dukani aliyenifanyia hivyo, wala simlaumu, kwani muuza sufuria hajui ni nani aliyeisubu na ilisubiwa wapi. Hana cha kuionea haya. Bibi yule anakijua kila chungu chake tangu kilipokuwa tope.

Wapo watakaosema ni wema wa watu wa milimani tu. Wema upo, lakini ninavyoona mimi kuna jambo zaidi. Gulio ni mtihani mgumu kuliko maonyesho yoyote. Nimetembea Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na nimetembea mabanda ya Nane Nane. Ni mahali pa heri, na natamani wafinyanzi wengi zaidi wapewe nafasi huko. Ila siku za maonyesho zikiisha banda hufungwa, na mnunuzi na muuzaji huenda wasionane tena maishani. Soni, gulio lijalo ni wiki hii hii au wiki ijayo. Chungu kilichovuja kitarudi kikiwa kimebebwa na mwenyewe, mbele ya wateja wengine, na maneno yake. Kwa hiyo mama anapouza huwa anauza na gulio lijalo, na la baada ya hapo, na jina la binti yake ambaye siku moja atakaa kona ileile.

Niliwahi kununua chungu mjini, kando ya barabara kuu, kwa kijana ambaye naye alikuwa amekinunua kwa mtu. Kilipakwa rangi za kupendeza, maua mekundu shingoni. Kilivuja siku ya pili. Sikuwa na pa kukirudisha, na kusema kweli sikuwa nimekigonga.

Biashara katika milima hii ni ya kale kuliko barabara ile. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji mgeni kutoka upande wa Nguu, alivyoingia Usambara na nyama ya nguruwe mwitu, nao Washambaa wakampa vyakula vya mashamba yao. Kutoka katika kubadilishana huko, na kutoka katika kazi ya mikono yake ya kuwaondolea wanyama waliokuwa wakiharibu mazao, akapata heshima, kisha ufalme, na makao ya ufalme yakawa Vugha, si mbali na Soni. Alipimwa kwanza kwa alichokileta. Ninapenda kuyakumbuka hayo nikiwa nimechuchumaa mbele ya vyungu.

Jirani na bibi alikaa mama wa vikapu, naye alikuwa na furaha ya pekee. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimerudi mkononi mwa watu. Chungu hakijapata sheria ya kukitetea. Kinapambana na sufuria za alumini na ndoo za plastiki kwa nguvu zake chenyewe: kinatunza moto wa chakula muda mrefu baada ya kuepuliwa, na mtungi hupoza maji bila umeme kwa vile unatoa jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto.

Nilinunua kile kidogo. Bei alinitajia, nikaitoa yote, naye akaniongezea kifuniko kwa hiari yake. Akakifunga kwa majani ya migomba na kamba, akakigonga mara ya mwisho kupitia majani, akaridhika.

Msomaji, ukipita njia ya Mombo kwenda Lushoto na ukakuta siku ya gulio, shuka Soni. Maporomoko ya maji utayaona, hayakimbii. Nenda kwanza kwenye kona isiyo na kelele, uende na chenji, uanze kwa shikamoo, na neno la kupunguziwa bei ulisahau siku hiyo. Gonga, usikilize. Ukifika nyumbani usikipikie siku hiyohiyo: kijaze maji kilale nayo, kesho yake chemsha humo uji mwepesi wa mahindi, umwage. Makande yaanze kesho kutwa, kwa moto mdogo.