Sifa ya Dereva wa Mteremko

Aliyewahi kupita Kiirua, katika miteremko ya kaskazini ya mlima ule ambao Wameru huuita Kirimara na ramani huuandika Mlima Kenya, hakosi kuona jinsi nchi ile ilivyogawanyika: nyuma yake mashamba ya viazi na ngano, upande wa mashariki milima ya Nyambene, na mbele yake, chini kabisa, nyanda kame za Isiolo zinazoanza pale ubichi unapokoma. Wasafiri huisifu mandhari hiyo, nao wana haki. Lakini mimi namsifu yule asiyepata faragha ya kuitazama, kwa kuwa macho yake yamo barabarani na masikio yake yamo injinini, yaani dereva wa lori la viazi, ambaye huitoa shehena yake katika baridi ya mlimani na kuifikisha salama Isiolo, kwenye kimo cha mita 1,100 hivi.

Wengi hudhani kwamba tabu ya milima ni kupanda. Ama kupanda kuna tabu yake, ila ni tabu isiyofichika: lori huguna, mwendo hupungua, na likishindwa taniboi huruka chini akatia jiwe nyuma ya tairi, na aghalabu hasara huwa ni saa chache zilizopotea. Kushuka ndiko kwenye hila, maana hapo gari huonekana jepesi na tiifu, ilhali uzito wote wa magunia unasukuma kutoka nyuma.

Basi mtazame fundi kabla ya mteremko kuanza. Husimama mahali palipo sawa. Hufungua vali za matangi ya upepo ili maji yaliyojikusanya yatoke, yasije yakaziharibu breki. Hugonga tairi moja moja kwa kipande cha chuma huku akisikiliza mlio, na hupeleka mgongo wa kiganja karibu na kitovu cha gurudumu kupima joto. Kisha hutia gia ndogo, ile ile ambayo angeipandia mlima huo, nayo huitia mapema, kwa sababu lori zito likishashika kasi, gia huenda ikakataa kuingia. Kuanzia hapo injini ndiyo inayolizuia gari, na mguu huigusa breki kwa uthabiti, kwa muda mfupi, kisha huiachia ipoe. Kwani breki inayokandamizwa mfululizo hupata moto, na ikishapata moto hupoteza mshiko, hata dereva akaikanyaga ile pedali mpaka chini pasitokee lolote. Elimu yote hii aliipata kwa kukaa miaka upande wa taniboi, akimwangalia mkubwa wake.

Kwamba elimu hiyo ni dhamana ya roho za watu, barabara zetu zimeshuhudia. Tarehe 24 Julai 2022, katika barabara ya Meru kwenda Embu, ambayo hushuka na kupanda mabonde ya mito itokayo mlimani, basi lililokuwa likielekea Mombasa lilitumbukia penye daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Huko Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kwa miaka mingi madereva walilaumiwa kwa kutoa gia mteremkoni ili gari lishuke lenyewe na mafuta yabaki. Na mtu wa Iringa ukimtajia Mlima Kitonga atakueleza habari za namna hiyo hiyo.

Lakini mafuta hayo huokolewa kwa faida ya nani? Sikubali kwamba uzembe wa dereva pekee ndio chanzo. Dereva anayelipwa kwa safari, na ambaye hukatwa pesa kila lita inapozidi, anafundishwa na mwajiri wake kinyume cha yale aliyofundishwa na mlima. Tangu lami ifike Moyale, zaidi ya kilomita 500 kutoka Isiolo, shehena zimepata njia ndefu zaidi na haraka imeongezeka. Wala sijaona mwenye lori aliyeandika katika mapatano yake kwamba mwendo wa polepole wa mteremko ni kazi, na kwamba saa ile dereva anayosimama kuzipoza breki italipwa kama saa nyingine yoyote. Hilo ndilo ninalowataka waliandike.