Wale ni Sisi: Bunilizi ya Kisayansi Inapogeuzwa Maonyesho ya Kupitia

Mbunifu anayeigeuza hadithi kuwa maonyesho ya kupitia kwa miguu hulazimika kujibu swali ambalo mwandishi wa riwaya anaweza kulikwepa: mgeni anapovuka kizingiti, anaingia akiwa nani? Msomaji ameketi, humfuata mhusika bila yeye mwenyewe kuwa mtu yeyote. Mpitaji ana mwili. Ana miguu inayochoka, ana jirani anayemsukuma, na ana kumbukumbu za mtaa alikotoka asubuhi. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kazi mbili zilizotokea karibu wakati mmoja, mji wa kadibodi wa Bodys Isek Kingelez na riwaya ya Katama Mkangi, kisha yanauliza ni ipi kati yake ingeweza kusimama Kisangani, na kwa sharti gani.

Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki Kinshasa mwaka 2015, aliwahi kuwa fundi wa kukarabati vinyago katika makumbusho ya taifa mjini humo. Baadaye alijitolea kujenga miji yake mwenyewe kwa karatasi, kadibodi na plastiki. Ville Fantôme, ya mwaka 1996, ni mji mzima uliotandazwa juu ya jukwaa: minara, viwanja, barabara pana na rangi zisizoonea haya jua. Kwa maelezo ya msanii mwenyewe, ni mji wa amani usiohitaji polisi wala askari. Hiyo ni bunilizi ya kisayansi kwa maana kamili ya neno, ingawa haina roketi, kwani inaisanifu jamii ijayo kwa kanuni tofauti na zetu. Mwaka 2018 makumbusho ya MoMA, New York, yalifungua maonyesho makubwa ya kazi zake. Humo mgeni aliweza kuvaa miwani ya uhalisia pepe na kupita ndani ya mji ambao kwa macho matupu hutazamwa kutoka nje tu.

Kiufundi, hatua hiyo yastahili sifa: kadibodi haikanyagwi, na msanii hakuwapo tena kujenga nyingine. Lakini kuna jambo lililogeuka pale mtazamaji aliposhushwa barabarani. Kingelez hakuweka watu katika mji wake. Ukitazamwa kutoka juu, utupu huo ni mwaliko. Kila mtu huwapanga wakazi wake kichwani, huyu dirishani, yule uwanjani. Ukipitiwa chini, utupu ule ule huwa mahame. Mpitaji si raia, wala si mgeni, maana hakuna mwenyeji wa kumkaribisha. Jina la mji lina mzuka ndani yake, na miwani humfanya mpitaji kuwa ndiye mzuka. Maonyesho yalimpa macho mengi, yakamnyima nafsi.

Walenisi ya Mkangi (1995) ni kinyume chake. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa kaburi lake. Chombo kinamfikisha katika nchi isiyojua unyonyaji, na huko anatembezwa na kuelezwa. Ni rahisi kuilaumu riwaya hii kwa mazungumzo yake marefu. Wahusika wanafundishana, na msomaji huhisi wakati mwingine kwamba yumo darasani. Lawama hiyo ina haki yake kuhusu riwaya. Kwa maonyesho ya kupitia, hata hivyo, kilichokuwa mzigo hugeuka kuwa mtaji, kwa kuwa hadithi ya Mkangi tayari ni matembezi, na matembezi hayo yana wenyeji. Zaidi ya hayo, inalijibu swali la awali bila kigugumizi: anayeingia ni mfungwa. Mkangi, aliyewekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, hakuhitaji kuazima picha hiyo.

Kwa hiyo chumba muhimu kuliko vyote kingekuwa kile kidogo kabisa. Mgeni aingie chomboni peke yake, mlango ufungwe kwa muda unaotosha kumfanya ajiulize kama utafunguliwa, na kuwe na kitu cha kufanywa kwa mkono wake. Waliobuni House of Eternal Return huko Santa Fe, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo lililokuwa ukumbi wa mchezo wa bolingi, walielewa jambo hili. Mgeni hufungua jokofu la jikoni akajikuta katika ulimwengu mwingine, na mkono wake ndio uliomwingiza.

Mbinu nyingine za maonyesho ya namna hiyo hazivuki mipaka kwa urahisi. Giza, ngurumo na sakafu inayotetemeka ni vionjo vya kawaida, na mbunifu wa haraka angevitumia kuonyesha chombo kikiruka. Kisangani ilipigwa makombora kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji usio wao. Mtu aliyelala sakafuni siku hizo sita haambiwi kwamba ngurumo ni burudani. Hapo kuruka kwa chombo kuonyeshwe kwa kimya. Tena kimya hakihitaji umeme, nao umeme wa Tshopo haumfikii kila mtu.

Mji huu una kielelezo chake cha karibu. Faustin Linyekula, ambaye alianza kazi yake ya dansi Nairobi mnamo 1997, aliunda Studios Kabako mwaka 2001 na baadaye akaihamishia Kisangani. Katika more more more… future (2009), gitaa la Flamme Kapaya na maneno ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa gerezani Kinshasa, vilitumika kuudai wakati ujao badala ya kuukana kama wanamuziki wa panki wa Ulaya walivyoukana. Ajabu ni kwamba hapa pia sauti ya ujao inatoka kwa mfungwa. Tena Linyekula, pamoja na mbunifu majengo Bärbel Müller, alifikiria vituo vilivyosambazwa katika sehemu mbalimbali za mji badala ya jengo moja kubwa. Wazo hilo linafaa kuigwa. Matembezi ya Walenisi yangeweza kuanzia Makiso na kumalizikia Lubunga, ng'ambo ya mto usio na daraja, na mtumbwi ukawa ndio chombo cha Dzombo.

Linabaki suala la jina, na hapo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Walenisi ni sentensi iliyofungwa ndani ya neno moja: wale ni sisi. Picha haiwezi kuifungua. Ni sikio tu. Katika Kiswahili cha mitaani Kisangani, kiambishi cha watu ni ba-, sawa na cha Kilingala, hivyo wale huwa bale. Mwongozaji akilitamka jina kwa usanifu wa pwani, mgeni atasikia jina la nchi ya kigeni. Akisema bale ni sisi, fumbo linafumbuka papo hapo. Na mwenye Kilingala, akiwa bado majini, huenda akasikia ndani yake ebale, yaani mto.